Filamu ya Marafiki na Gharama Isiyoandikwa

Nitazungumza juu ya filamu inayotengenezwa na kundi la marafiki wasio na studio wala mfadhili, ambao wakikung'uta mifuko yao yote hawafikishi gharama ya harusi moja ndogo. Swali la kamera, lililokuwa kwa miaka mingi ndilo la kwanza na la mwisho, limekwisha. Simu zilizomo humu ukumbini zinapiga video safi kuliko kamera zilizorekodi filamu za kwanza za Bongo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na programu za kuhariri zimo ndani ya simu hizohizo. Hata hivyo filamu nyingi zinazoanzwa na marafiki hufa njiani. Zinarekodiwa wikendi mbili tatu, stelingi anapata kazi Dodoma, mwenye maiki ananuna, na kinachobaki ni mafaili kwenye simu ya mtu. Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba fedha zilikosekana. Mimi naona vingine. Filamu ya fedha kidogo haina gharama kidogo. Gharama iko palepale, ila imehamishwa kutoka mfukoni ikawekwa kwenye muda, jasho na uvumilivu wa watu wanaokupenda. Kwa kuwa hakuna anayeiandika popote, inalimbikizana kimyakimya mpaka inaangusha filamu, na mara nyingine inaangusha na urafiki. Anayetaka kupiga filamu na rafiki zake aanze kwa kuihesabu gharama hiyo, kisha hadithi, ratiba na makubaliano yake vyote vitokane na hesabu hiyo.

Tuanzie hapa mlimani kwetu Meru. Mwishoni mwa mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, mwongozaji wa Marekani Howard Hawks alikuja Arusha na John Wayne kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Picha zake nyingi ni za Momela na nyika zinazouzunguka Mlima Meru, na mwigizaji Mjerumani aliyekuwemo, Hardy Krüger, aliipenda nchi ile akanunua shamba hukohuko. Hawks alifika bila muswada uliokamilika. Hadithi ilihusu watu wanaokamata wanyamapori kwa ajili ya bustani za wanyama za nje, na yeye aliamua kuwaachia wanyama uongozi: wafukuzwe kwa magari, waigizaji wawemo ndani ya magari hayo, kisha hadithi ifumwe kuzunguka kitakachotokea. Matokeo yake ni mbio za faru ambazo mpaka leo zinamfanya mtazamaji ashike kiti. Lakini tazameni kilichowezesha hayo. Faru asipotokea leo, watu wote wanakula, wanalala, wanalipwa, na kesho wanatoka tena, na anayelipa ni kampuni ya Paramount. Kubahatisha mbele ya kamera ni jambo la kuvutia sana, na ni ghali kuliko lenzi yoyote. Kijana anayesema kwamba skripti haina haja, mambo yatajulikana lokesheni, anaiga mtindo wa tajiri bila kujua. Siku yake ya kusubiri inalipwa na rafiki aliyeacha kibarua, na dada aliyefunga saluni, na mwenye bodaboda ambaye kila saa anayosimama kwenye seti ni nauli iliyompita.

Asiye na fedha hulipa kwa muda, na muda una ukatili wake. Satyajit Ray alianza kupiga Pather Panchali huko Bengal mwaka 1952 akiwa mchoraji wa matangazo, akirekodi siku za mapumziko, na mpiga picha wake, Subrata Mitra, hakuwahi kushika kamera ya sinema kabla ya kazi ile. Onyesho mojawapo la kwanza walilipiga katika uwanja uliojaa maua meupe ya nyasi ndefu. Waliporudi wiki iliyofuata kumalizia, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote, ikabidi wasubiri msimu mwingine uyarudishe. Ray aliweka rehani bima yake ya maisha na vito vya mkewe, kazi ikasimama miezi mingi, na wasiwasi wake mkubwa katika kipindi hicho ulikuwa wa kibinadamu kabisa: mtoto Apu asije akabadilika sauti, dada yake asije akakua, na bibi mzee asije akafa kabla ya filamu kwisha. Serikali ya Bengal Magharibi ndiyo iliyotoa fedha za kumalizia, na filamu ikaonyeshwa mwaka 1955. Tunaisoma habari hii kama sifa ya uvumilivu, na ni kweli inastahili sifa. Mimi naisoma pia kama bili. Miaka mitatu ya maisha ya watu ililipia kile ambacho miezi michache ya mishahara ingelipia. Mkipanga onyesho katika shamba la mahindi hapa Kikatiti, jueni kwamba mahindi hayo yatavunwa, na mwenye shamba hatayaacha yakauke eti kwa sababu mwongozaji hajapata siku.

Kuna waliohesabu mapema. Christopher Nolan, kabla hajajulikana, alipiga Following huko London kwa takribani pauni 3,000, filamu iliyotoka mwaka 1998. Waigizaji na wasaidizi wote walikuwa na kazi zao za wiki nzima, kwa hiyo walirekodi Jumamosi tu, kwa karibu mwaka mzima. Kabla ya kila Jumamosi walifanya mazoezi kama watu wa jukwaani, mpaka onyesho likawa linatosha kupigwa mara moja au mbili, na taa yao kubwa ilikuwa dirisha. Huko Mexico, Robert Rodriguez na rafiki yake Carlos Gallardo walipiga El Mariachi kwa dola zipatazo 7,000, sehemu ya fedha hizo zikiwa zimetokana na Rodriguez kujitolea mwili wake kwa majaribio ya dawa. Walikaa wakaorodhesha walivyoweza kuazima katika mji wa Gallardo, kisha hadithi ikaandikwa kuzunguka vitu hivyo. Hapa lazima niseme jambo ambalo wasimuliaji wa habari hii huliruka. Zile dola 7,000 hazikutoa kopi tuliyoiona kwenye majumba ya sinema. Columbia Pictures ilipoinunua filamu, ilitumia fedha nyingi zaidi ya hizo kusafisha sauti na kuihamishia kwenye mkanda wa sinema. Kijana anayeambiwa kwamba filamu nzima iligharimu bei ya pikipiki chache anadanganywa, na uongo huo unamfanya ajione mzembe pale fedha zake zinapoisha.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu uko Kampala, mtaa wa Wakaliga, ambako Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana iligharimu kiasi kisichozidi dola 200. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kutokana na vipuri, na bunduki za maigizo zilitengenezwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Waigizaji hawakupewa mishahara. Filamu ilipokamilika walizunguka wakiuza DVD nyumba kwa nyumba na kubaki na sehemu ya mauzo. Dunia iliicheka kwanza, kisha ikaipenda, na leo jina la Wakaliwood linajulikana mbali. Ninachotaka mkione ni mambo mawili. La kwanza ni ule utaratibu wa malipo: aliyeigiza aliijua sehemu yake na aliishika kwa mkono wake mwenyewe. La pili linauma. Nakala ya awali ya filamu ile haipo tena, kwa sababu nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo na filamu nyingine ilikuwa inasubiri. Tunayoitazama ni ile yenye sauti ya msimuliaji VJ Emmie juu yake. Jasho la mtaa mzima lilifutika kwa kukosa diski ya kuhifadhia. Katika bajeti yoyote ya marafiki, kitu cha kwanza kununuliwa kabla ya taa, kabla ya nguo, kabla hata ya maiki, kiwe diski mbili, na kila jioni kazi ya siku iwekwe kwenye zote mbili, moja ilale nyumba nyingine.

Na sisi wenyewe? Bongo muvi haikuzaliwa na makampuni. Ilizaliwa na vikundi vya maigizo. Kaole Sanaa Group ya Dar es Salaam, iliyoonekana kwenye televisheni, ndiyo iliyowalea kina Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula, na filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilionyesha kwamba watazamaji wapo. Mwaka huohuo Josiah Kibira, Mtanzania aliyekuwa akiishi Minnesota, alitoa Bongoland kwa nguvu zake mwenyewe. Vikundi vile vilikuwa na kitu ambacho fedha hainunui haraka: watu waliokwisha kuigiza pamoja mpaka wakajuana pumzi. Kilichokosekana ni maandishi. Soko la kanda na baadaye DVD lilipokua, watengenezaji wengi waliuza haki zote za filamu kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Filamu iliendelea kuuzwa, aliyeiigiza akabaki na umaarufu na nauli ya daladala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwepo wakati huo wote, na COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ilikuwepo. Lakini sheria haiwezi kulinda mgawo ambao wenyewe kwa wenyewe hawakuwahi kuutamka. Mtu asiyejua ana sehemu gani katika filamu hana la kumwambia msambazaji, hana la kumwambia hata mwenzake.

Najua pingamizi linaloinuka hapo. Mtaniambia kwamba kuandikishana ni dalili ya kutoaminiana, kwamba rafiki akiletewa karatasi asaini ataona ameshageuzwa kibarua. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama tungekuwa watu tusioandika. Lakini hapa Meru tunaandika kila kitu chenye michango. Daftari la msiba linaandikwa, kamati ya harusi inaandika ahadi na malipo, VICOBA vinaandika hisa hadi shilingi ya mwisho, na hakuna shangazi anayenuna kwa kuwa jina lake limeandikwa sawasawa. Historia ya mlima huu ina ushahidi mkubwa zaidi. Novemba 1951 Wameru walipofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Wakulima wa ndizi na kahawa waliwezesha safari ile kwa michango midogo midogo. Jambo zito likibebwa na mifuko mingi midogo, linahitaji hesabu iliyo wazi kuliko likibebwa na mfuko mmoja mkubwa, kwa sababu kila mchangiaji ana haki ya kuuliza. Nami napendekeza filamu iwe na daftari la namna hiyo. Liandikwe nani ametoa siku ngapi, nani ametoa nyumba, nani pikipiki, nani chakula; siku moja ya kazi ikadiriwe ina thamani gani; na mgawo wa mapato ufuate hesabu hiyo. Asiyetaka kulipwa aandike hivyo mwenyewe kwamba ametoa zawadi. Kinachovunja urafiki ni ile siku filamu inapopata watazamaji wengi na kila mmoja anakumbuka ahadi tofauti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema kwamba kuwafanyisha watu kazi bila mshahara ni unyonyaji hata kama wanacheka wakiifanya, na kwamba kuisifu filamu ya marafiki ni kumpa mwenye fedha kisingizio cha kutolipa wasanii. Sehemu ya kwanza naikubali bila kujitetea. Pale penye fedha, walipwe. Kundi likipata mfadhili hata mmoja, kazi ya kwanza ya fedha yake iwe kulipa watu. Lakini sikubali kwamba njia pekee ya haki ni kungoja mpaka fedha ipatikane, kwa maana hiyo ni sawa na kusema kwamba hadithi za mlima huu zitasimuliwa na wale tu wanaoweza kuja na kampuni, kama alivyokuja Hawks. Kuna mpaka unaotenganisha kujitolea na kunyonywa, nao unaonekana kwa macho. Anayejitolea anajua kazi ni ya siku ngapi, anaweza kukataa, na ana sehemu katika kitakachopatikana. Ndiyo maana nasisitiza ufupi. Kwa kundi linaloanza, filamu ya dakika 15 inayorekodiwa kwa Jumamosi nne ni heshima kwa watu. Filamu ya saa mbili isiyo na mwisho wa ratiba ni dhuluma, hata kama mwongozaji ana moyo mwema. Na chakula kiwepo kila siku ya kazi, kilicho moto na cha kushibisha, kama ni makande au loshoro au ndizi, hata kama kwa ajili yake itabidi kuacha kukodi taa.

Wengine hawana shida na haki. Shida yao ni ubora. Watazamaji, wanasema, wamezoea tamthilia za Korea na Uturuki, nani atatazama picha za simu za vijana wa Kikatiti? Nakubali kwamba watazamaji wana haki ya kukataa kazi mbovu. Lakini kinachowakimbiza haraka ni sauti mbaya kuliko picha mbaya, na sauti nzuri hununuliwa kwa akili zaidi ya fedha. Barabara kuu ya Arusha na Moshi inapita hapa kwetu na malori yake usiku na mchana. Onyesho la maneno likipigwa karibu nayo limekwisha. Pandeni juu kidogo, ingieni migombani. Mvua ikipiga kwenye bati hakuna maiki itakayookoa maneno, basi maonyesho ya ndani yapangwe nje ya masika. Chumba kitupu kinarudisha mwangwi. Tundikeni mablanketi nje ya jicho la kamera. Kwa upande wa mwanga Mungu ametupendelea. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mawingu yanakaa juu ya Meru na kueneza mwanga laini usio na vivuli vikali, ambao watu wa mijini wanaukodia vitambaa na taa ili waupate.

Tena watazamaji wanataka kujiona zaidi kuliko tunavyodhani. Kanda za filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu zilijaza vibanda vya video kwa sababu mtu alisikia mambo ya mbali kwa lugha ya nyumbani. Pangani, shirika la UZIKWASA lilitoa filamu ya Aisha mwaka 2015, ikiongozwa na Chande Omar, ambamo Godliver Gordian, mwigizaji mzoefu, anaonekana katika mji halisi na watu wake. Ilikuwa na taasisi nyuma yake, kwa hiyo siilinganishi na filamu ya mifuko mitupu. Naitaja kwa kuwa inathibitisha kwamba mji mdogo unaweza kubeba hadithi kubwa bila kujifanya Dar es Salaam. Kuhusu lugha, sioni sababu ya kuogopa Kimeru. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitoa filamu fupi 35, na sauti zikawekwa kwenye santuri ili filamu moja iweze kusemwa kwa lugha kadhaa. Kilichofanywa na wakoloni kwa santuri, ninyi mnaweza kukifanya kwa simu: toleo la Kimeru kwa ajili ya bibi zenu, la Kiswahili kwa nchi nzima.

Linabaki suala la sheria na soko. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kurekodi na inataka filamu ipitiwe kabla ya kuonyeshwa kwa umma, na mhusika ni Bodi ya Filamu. Wapo wanaoshauri kukwepa kwa kuwa kundi ni dogo na hakuna atakayejua. Ushauri huo unawawekea rehani marafiki wote kwa ajili ya haraka ya mmoja: kazi ikizuiwa, siku zote zilizoandikwa kwenye daftari zimezuiwa nayo. Muda na ada za kibali viingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Soko la DVD lililowalisha waliotutangulia limekwisha, na intaneti hulipa kidogo mpaka watazamaji wawe wengi sana, kwa hiyo msiitegemee kwa filamu ya kwanza. Anzeni na ukumbi, kiingilio kidogo, Kikatiti kwanza, kisha King'ori, Maji ya Chai na Usa River. Mapato ya kila usiku yaandikwe katika daftari lilelile mbele ya watu wawili, na yaanze kugawiwa kwa yule aliyepoteza siku nyingi zaidi za kibarua. Mwongozaji, ambaye ndiye aliyewaita wenzake, achukue wa mwisho.